Tovuti Yenye Kitambi: Namna ya Kuikondesha

Umefungua tovuti ya kwaya yenu ya mtaa wa Kamalondo, na kabla mwezi haujafika nusu mwenye seva anakuandikia: mgawo wa data umekwisha, ongeza dola. Usiongeze. Ikondeshe tovuti kwanza.

1. Ipime. Kwenye kompyuta fungua ukurasa wa mbele, bonyeza F12, ingia sehemu ya Réseau (Network), kisha upakie ukurasa upya. Kila faili litajitaja na uzito wake. Mazito kuliko yote karibu kila mara ni picha.

2. Punguza picha. Picha ya simu huweza kuwa na upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti 4. Ukiweka 10, ukurasa una megabaiti 40. Wakija wageni 1000, gigabaiti 40 zimekwenda. Zipunguze hadi pikseli 1200, uzihifadhi kwa muundo wa WebP, kila moja ifike kama kilobaiti 150. Wageni wale wale 1000 watakula gigabaiti 1.5, na meno ya waimbaji wa safu ya nyuma bado yataonekana.

3. Video isijianzishe yenyewe. Weka picha ndogo na kitufe. Anayetaka wimbo atabonyeza.

4. Usimpakulie mgeni nembo ileile kila anaporudi. Amuru kivinjari chake kiitunze: Cache-Control: max-age=31536000, yaani sekunde za mwaka mzima. Siku ukibadilisha nembo, badilisha na jina la faili.

5. Washa Gzip au Brotli kwenye seva. Maandishi, CSS na JavaScript hupungua sana. Picha za JPEG ziache, zimekwisha kubanwa.

6. Soma kumbukumbu za seva. Utakuta roboti zinazopekua kurasa usiku kucha, na tovuti za watu zinazoonyesha picha zako kwa gharama yako. Roboti ziwekee masharti kwenye robots.txt, zisizotii, zizuie kwenye seva. Tovuti hizo nazo zifungie mlango.

Fanya haya kwa ajili ya msomaji zaidi kuliko dola zako. Kila megabaiti hulipwa mara mbili: wewe unamlipa mwenye seva, na mama wa mtaa wa Katuba anailipa kwa mega alizonunua ili amwone mwanawe akiimba. Kwa hiyo ukimaliza, jaribu tovuti kwa simu ya bei ndogo na mega za mfukoni mwako, si kwa wifi ya ofisi. Ikifunguka upesi, mpelekee anwani.