Wissmann Kaishiwa Rangi

Jamaa zangu wa Bagamoyo wana mchezo mpya: vita vya Abushiri na Wajerumani vya 1889, mezani, askari wasiofika kimo cha kidole, dadu na futikamba. Kila mtu anagombea kuwa Wissmann, kamanda wa Wajerumani, maana ndiye mwenye mizinga. Haya, aliyempata kakaa kulipaka rangi jeshi lake la “Wajerumani”, kahawia ikamwishia: wengi wao Wasudani waliokodiwa Cairo, wengine wametoka Msumbiji. Wazungu wachache, kazi yao amri.

Watu wa Abushiri, kanuni inasema, hutimka wakisikia mzinga. Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani hadi 1890, hakuisoma hiyo. Juzi Abushiri kapata sita mfululizo, kaitwaa boma. Wissmann anataka warudie. Eti meza ilitikiswa.