Yah: Jiji kuhamia Chanika bila barua ya utambulisho

Kwa Mheshimiwa Meya na Ndugu Mkurugenzi, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Huku kwetu mtu akihamia, hata awe mpangaji wa chumba kimoja mwenye godoro na jiko la mkaa, kesho yake anaulizwa barua ya serikali ya mtaa alikotoka. Mjumbe anamwandika daftarini, kisha anamwonyesha duka la Mangi. Nyinyi mlihamia tarehe 24 Februari 2021 na mpaka leo daftari halina jina lenu.

Siku hiyo Rais Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji ya zamani na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa Jiji. Chanika ni kata ya Ilala, kwa hiyo tulilala manispaa tukaamka jijini, na hakuna aliyebeba hata ndoo. Masaki na Oysterbay, pamoja na balozi zao na mabwawa ya kuogelea, wamebaki Kinondoni, ambayo ni manispaa tu. Mgeni anayelitafuta Jiji la Dar es Salaam huku kwetu aupe ufukwe wa Masaki mgongo, apite Gongo la Mboto, apite Pugu, ashuke penye mihogo.

Nisiwadanganye kwamba tumenuna wote. Kijiweni kwa muuza kahawa tumegawanyika. Madalali wanawaombea maisha marefu: jana walikuwa wanauza shamba, leo wanauza "kiwanja jijini, ishirini kwa ishirini, umeme upo nguzo ya tatu". Bei imepanda bila bomba hata moja kuongezwa. Upande wa pili wa benchi wamekaa wazee wa Kizaramo wenye mikorosho na minazi. Hao wamesikia kwamba Kanuni za Kilimo Mijini za mwaka 1992 zilimwekea mkazi wa mji kikomo cha ekari tatu, nao wanauliza mkorosho wa ekari ya nne uhamie Kisarawe lini, na kwa nauli ya nani. Katikati tupo sisi wa kuja, tuliokimbia kodi za nyumba Buguruni na Tandika, tukamegewa pembe za mashamba ya wazee hao kwa maandishi ya mwenyekiti. Sisi ndio tunaokunywa kahawa kimya. Tukilipinga Jiji tunajipinga wenyewe. Tukilisifu, mzee aliyetuuzia anasikia.

Ila msidhani ujio wenu tuliujua Februari. Taka zenu zilitangulia. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliwapeleka Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo, kesi namba 299. Mlishindwa. Mkaomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira akawakatalia: moshi ule unahatarisha uhai, na haki ya kuishi imo kwenye Katiba. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hiyo kama ushindi wa mazingira. Nyinyi inaelekea mliisoma kama ramani. Taka zikaenda Vingunguti, kutoka Vingunguti zikaenda Mtoni, kutoka Mtoni zikaja Pugu Kinyamwezi, kwa jirani zetu. Malori yamekuwa yakisogea kwenda kwa watu ambao bado hawajaijua njia ya mahakamani. Baada ya Pugu, barabara ya malori hayo inakuja Chanika. Tumeshaanza kuulizana nani ana mtoto mwanasheria.

Baada ya taka walikuja watu. Nyumba za Kipawa zilithaminiwa mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege; malipo yalikuja zaidi ya miaka kumi baadaye, na wengi wakapewa viwanja pande za Pugu na Buyuni. Mtasema huo ulikuwa mradi wa Serikali Kuu. Sawa, lakini mashamba waliyowekwa yalikuwa na wenyewe. Mtasema pia kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, si kwa mkono wenu. Kweli kabisa. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na mita haiulizi kama nyumba iko Upanga au Zingiziwa. Hiyo ndiyo huduma pekee ya mjini tuliyoipata siku moja na Upanga.

Tuwe waungwana: kituo cha afya cha wazazi tunacho, tena kizuri, kilichojengwa kwa msaada wa Wakorea. Maana yake Seoul ilifika Chanika kabla yenu. Mabasi ya mwendokasi nayo, awamu ya tatu, yamepangiwa kuishia Gongo la Mboto. Wahandisi wanajua jiji linaishia wapi. Waliokosea ni waliochora mipaka.

Halafu kuna historia yenu. Jiji hili lilivunjwa mwaka 1974, likarudi 1978. Likavunjwa tena 1996, ikaja Tume ya Charles Keenja, na mwaka 2000 likarudi pamoja na manispaa tatu. Hii ya 2021 ni awamu nyingine. Mpangaji mwenye rekodi ya namna hii huku hapewi chumba bila kodi ya miezi sita mkononi.

Ombi letu ni moja. Baraza la Madiwani lifanye kikao chake kimoja hapa Chanika, mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea. Waheshimiwa waje kwa daladala, wamalizie kwa bodaboda kwenye barabara za ndani, na wale watakaofika wapige kura. Ama tupewe barabara, maji na gari la taka linalochukua, ama cheo hiki wapewe Kinondoni, ambao wana mahali pa kukiweka. Ukumbi hatuna, ila madarasa ya shule ya msingi Jumamosi yako wazi, na kahawa tutawanunulia.

Tunaomba mtupangie tarehe kwa maandishi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Chanika