Flashi Haina Hatia

Kishikwambi kikigoma kuwaka kwa flashi, wa kwanza kushukiwa ni flashi. Huchomolewa, hupulizwa, hufutwa kwenye shati, huchomekwa tena; ikishindikana huitwa feki, na aliyeiuza husomewa ukoo wake wote hapo hapo. Mshukiwa wa pili ni fundi aliyeiandaa. Wa tatu, kwa wenye imani zaidi, ni jirani. Kishikwambi chenyewe hakihojiwi: kinaonyesha nembo ya kampuni, kinatulia kidogo, kisha kinafungua Windows ile ile ya zamani kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Mimi nasema huyo ndiye wa kusimamishwa kizimbani. Wala hashitakiwi kwa kukataa, maana mara nyingi ana sababu. Anashitakiwa kwa kukataa kimya kimya.

Tuchukue kundi ambalo limewatoa mafundi jasho kwelikweli: vishikwambi vya bei rahisi vya Windows vilivyofurika madukani kuanzia 2014, mwaka ambao Microsoft ilitangaza kuwapa watengenezaji Windows bila malipo kwa vifaa vyenye skrini ndogo kuliko inchi 9. Vingi vilibeba prosesa ya Intel Atom Z3735F na RAM ya GB 1 au 2. Prosesa hiyo ni ya biti 64, na wauzaji hawakuacha kuisifia. Lakini UEFI, yaani programu inayoamka kabla ya Windows na kuamua nani apewe mashine, iliwekwa ya biti 32. Basi hapo ndipo kichekesho kinapoanza. Fungua flashi ya kuwashia kompyuta: utakuta folda ya EFI, ndani yake folda ya BOOT, na humo faili iitwayo bootx64.efi. Kishikwambi chetu kinaingia folda hiyo hiyo, ila kinatafuta bootia32.efi. Mafaili haya mawili ni kama ndugu wa baba mmoja, lakini kwa UEFI ya biti 32 huyo wa kwanza hajazaliwa. Hakiulizi, hakilalamiki, hakiandiki hata neno. Kinageuka kurudi kwenye hifadhi ya ndani. Mwenye flashi anabaki kumsaka mchawi.

Masharti mengine nayo yapo, na yote hayatangazwi. UEFI inalazimika kusoma mifumo ya mafaili ya FAT tu, kama FAT32, na FAT32 haibebi faili linalofika GB 4. Fundi akiona faili kubwa la Windows limegoma kuingia, anafomati flashi kwa NTFS, na hapo amejifungia mlango mwenyewe. Halafu kuna ule mdomo mmoja wa micro-USB, unaotegemewa kwa chaji, flashi na kibodi kwa wakati mmoja. Waya wa kawaida hapo haufai. Unatakiwa wa OTG, ambao ndani yake pini ya nne imeunganishwa na ya tano ili kishikwambi kijue kwamba chenyewe ndicho kinachopokea wageni. Muunganiko huo hauonekani kwa macho. Na tangu Windows 8, kuzima si kuzima kamili: sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili uwashaji ujao uwe wa haraka, kwa hiyo ni afadhali uchague kuwasha upya huku umeshikilia Shift.

Atakayekitetea kishikwambi atasema programu hiyo ni ndogo, haina nafasi ya maelezo. Nafasi ya nembo ya kampuni, yenye rangi na mng'ao, ilitoka wapi? Sentensi moja ya maneno sita haiwezi kuizidi nembo. Isitoshe, kusema inajua. Weka flashi ambayo programu yake haina sahihi inayokubalika na Secure Boot, yaani ulinzi wa uwashaji, na mashine nyingi zitakutolea kisanduku chekundu kukujulisha kwamba umevunja sheria. Yaani ulimi upo wa kukemea, haupo wa kuelekeza.

Wengine watasema mtu wa kawaida hana shughuli na flashi za kuwashia. Kifaa kikichoka, anunue kingine. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kifaa kimechoka kweli. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 na haina toleo la biti 32, kwa hiyo vishikwambi hivi havina pa kupandia. Skrini nzima, betri inavuta, prosesa inafanya kazi. Njia iliyobaki ni Linux, na Linux inaingia kwa flashi. Wala si jambo lisilowezekana: Linux 3.15 ya 2014 ilijifunza kuendesha mfumo wa biti 64 juu ya UEFI ya biti 32, na Debian 8 ikaliweka hilo kwenye flashi zake za kusakinishia mwaka uliofuata. Watu wasiouza kishikwambi hata kimoja walilimaliza tatizo ambalo waliotengeneza hawakulitaja hata kwenye boksi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujanunua flashi nyingine, ichomeke hiyo uliyo nayo kwenye kompyuta yoyote, fungua EFI, kisha BOOT, utazame kama bootia32.efi imo. Nanyi mafundi, mkishagundua, bandikeni karatasi mgongoni mwa kifaa: "UEFI biti 32." Kiwanda hakikuandika; andikeni nyinyi.