Hapana Asante, Nimeshiba

Semina ya kutuandaa kwa safari ya Marekani ilifanyika Dar es Salaam, na somo lililorudiwa kuliko yote lilikuwa la kusema. Mmarekani, tuliambiwa, habembelezi. Akikuuliza kama una njaa, mjibu una njaa. Ukimwambia umeshiba atakuamini, ataosha vyombo, na wewe utalala na shibe yako ya mdomoni. Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, niliyelelewa kwamba mgeni anayepokea sahani mara ya kwanza anawaaibisha wazazi wake, niliandika somo hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Kisha wakanipeleka Minnesota.

Aliyepanga hayo hakujua, au alijua akacheka. Minnesota iko kaskazini kabisa, mpakani na Kanada, na wengi katika mji mdogo niliopangiwa ni wajukuu na vitukuu wa wahamiaji kutoka Norwei na Uswidi, Walutheri, watu wa sauti ya chini. Hawa, Wamarekani wenzao huwatania, kitu hukikataa mara tatu ndipo wakipokee. Kwa hiyo nyumba moja ikawa na pande mbili zinazojinyima, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na chakula kinapoa katikati.

Nilikuwa na miaka 16. Programu iliyonipeleka ni ile ya YES, iliyoanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya Septemba 11, kuwapeleka vijana wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakakae mwaka wa masomo kwenye nyumba za watu. Masharti yake ni mengi. Kuendesha gari, kwa mfano, ni marufuku. Lakini lililonimaliza mimi ni moja: familia inayokupokea hailipwi hata senti. Mtu anakulisha mwaka mzima bure, utaanzaje kumwambia hiki sikitaki?

Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Mama mwenyeji, ambaye kwa umri angeweza kunizaa mimi na kaka zangu wote, alisisitiza nimwite kwa jina lake tupu. Mdomo ulikataa. Kumwita vingine nako niliona ni kumbishia mtu ndani ya nyumba yake. Nikachagua njia ya katikati: nisimwite kabisa. Nikimhitaji namfuata alipo, nasimama mlangoni, nakohoa kidogo mpaka ageuke. Haukupita muda nikakuta chupa ya dawa ya kifua mezani kwangu, na kijiko chake. Nikainywa. Ilikuwa na ladha ya zabibu na ilinilaza darasani, lakini kumrudishia mtu dawa aliyokununulia ni ufedhuli. Ilipokwisha akaleta nyingine.

Habari ya mbwa ni ndefu zaidi, na chanzo chake ni barua. Kila mwanafunzi huandika barua ya kujitambulisha kwa familia itakayompokea. Mwalimu wangu wa Kiingereza aliisoma yangu akasema imekauka mno. Wamarekani wanapenda wanyama, weka wanyama. Nikaweka. Niliandika kwamba nawapenda wanyama wote, akilini nikiwa na mbuzi wa jirani na wale paka wa Deep Sea, kwetu Tanga, wanaosubiri matumbo ya samaki. Familia ilikuwa na mbwa, tena jibwa, lenye manyoya mengi na mate mengi zaidi. Siku ya kwanza mama mwenyeji akauliza: je, nitaona vibaya mbwa akilala chumbani kwangu? Nikasema hapana, hata kidogo. Nikangoja aulize mara ya pili ili nianze kulegea. Hakuuliza.

Sasa sisi Waislamu wa pwani wengi wetu ni Shafii, na mate ya mbwa kwetu huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Maji hayakuwa tabu, yanatoka bombani ya moto na ya baridi. Udongo ndio. Mwanzoni nilikuwa nachota uani. Baridi ilipoingia ardhi ikaganda, jembe lenyewe lisingezama sembuse kijiko cha chai, na juu yake ikalala theluji. Sebuleni, dirishani, palikuwa na chungu cha ua. Nikawa nachota humo, kijiko kimoja kimoja, usiku watu wakishalala. Udongo ukashuka mpaka mizizi ikaanza kuchungulia. Mama mwenyeji akaongeza. Ukashuka tena, akaongeza tena. Hakuna aliyesema neno. Anamwagilia ua lake, anatazama chungu, ananitazama mimi, anatabasamu, anauliza kama nimelala vizuri. Nimelala vizuri, asante, na wewe?

Asubuhi moja nikakuta mfuko wa udongo wa dukani umewekwa nje ya mlango wa chumba changu, umefungwa utepe. Mpaka leo sijui aliamini naufanyia nini. Nadhani aliamini naula, kwa sababu wiki hiyohiyo alianza kunijazia spinachi sahanini na kuniwekea vidonge vya madini ya chuma kando ya glasi ya maziwa. Nikavimeza.

Baba mwenyeji ndiye aliyekuja kunidokeza, tukiwa wawili garini, kwamba mbwa yule tangu aletwe akiwa mtoto hakuwahi kuruhusiwa kupanda ghorofani. Mkewe hapendi manyoya kwenye zulia. Alikubali kwa ajili yangu tu, maana barua ilisema napenda wanyama, na hakutaka mtoto wa watu alale mpweke.

Shuleni mambo yalikuwa mepesi, ukiondoa king'ora. Jumatano ya kwanza ya Septemba, saa saba kamili mchana, mji mzima ukalia mlio ambao mimi niliusikia kwenye filamu za vita tu. Karibu Minnesota yote hujaribu ving'ora vyake vya kuonya tufani saa hiyo, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwa kuwa kila mtu anajua, hakuna aliyekumbuka kumwambia asiyejua. Mwalimu anaendelea na aljebra. Mimi nimeshatoa shahada, lakini kuinuka na kukimbia peke yangu, mbele ya mwalimu ambaye hajatoa ruhusa, niliona ni utovu wa adabu. Nikabaki nakufa kwenye kiti, huku nanakili mlinganyo.

Turudi mezani, maana huko ndiko tulikoumizana. Chakula cha kila mara kilikuwa hotidishi: nyama ya kusaga, maharage mabichi, supu nzito ya uyoga ya kopo, na juu yake vibonge vya viazi, vyote vinaokwa kwenye bakuli moja. Ni kitamu, nitakitetea mbele ya yeyote. Shida ni mwisho wake. Kule, sawa na kwetu, hakuna anayechukua cha mwisho. Mmoja anakata nusu. Anayefuata anakata nusu ya ile nusu. Nimeona keki ikigawanywa mpaka kisu kikawa kinene kuliko keki, kisha kile kibanzi kikafunikwa kwa heshima zote na kupelekwa kwenye friji, ambako kilikaa hadi kikaota ukungu. Usiku mmoja njaa ikanishusha jikoni, nikamkuta baba mwenyeji amesimama mbele ya friji gizani, uma mkononi. Tulitazamana. Kikiwa kimebaki kibonge kimoja cha kiazi akaninong'oneza: chukua wewe. Nikamnong'oneza: hapana, wewe. Tulikiacha.

Kisha ikaja karamu ya lutefiski kanisani kwao. Huyu ni samaki wa bahari ya Norwei. Wanamwanika mpaka anakuwa mkavu kama ukuni, halafu wanamloweka siku kadhaa kwenye maji, kisha kwenye magadi makali yaliyo ndugu na yale ya kutengenezea sabuni, halafu kwenye maji tena ili aliyemla asife, ndipo wanampika na kummwagia siagi iliyoyeyushwa. Anafika sahanini mweupe, anang'aa, ukigusa meza anatikisika. Baba yangu ni mvuvi. Nimekula samaki wa kupaka, wa kukaanga, ng'onda, na papa ambaye harufu yake hutangulia kubisha hodi. Sikuwa nimeona samaki aliyefanyiwa uadui wa namna hii akiwa ameshakufa.

Palikuwa na vibonge vya nyama pia, lakini huchanganywa na nguruwe, kwa hiyo huyo samaki ndiye aliyekuwa halali yangu. Bibi, mama yake baba mwenyeji, mtu wa miaka themanini na ushee, akasimama juu yangu na mwiko. Nikasema asante, nimeshiba. Akasema kidogo tu. Nikasema tumbo limejaa. Akasema basi nionje, nisimvunje moyo. Hapo nikatulia, nilikuwa nimempata Mswahili mwenzangu! Nikapokea, nikameza, nikasifu. Akaongeza. Nikasifu kwa sauti ndogo zaidi. Akaongeza. Tulipofika sahani ya tatu ndipo nikatupa jicho kwenye sahani yake: vibonge vya nyama na lefse, ile chapati yao ya viazi. Nikamuuliza mbona yeye hali samaki. Akasema tangu mumewe afariki hajamgusa, maana hakuwahi kumpenda, alikuwa akimla kwa ajili ya mumewe. Baba mwenyeji akainama sikioni kwangu: na mzee naye, Mungu amrehemu, alikuwa akimla kwa ajili ya huyu.

Januari nilipelekwa kuvua. Pikapu ilifika ukingoni mwa ziwa na haikusimama. Mtu wa miguu, baba mwenyeji alinieleza, anataka barafu ya inchi 4. Pikapu inataka mara tatu ya hiyo na zaidi. Alinieleza hayo tukiwa tayari katikati. Nikampigia baba Tanga, kwa ajili ya radhi zaidi kuliko salamu.

"Baba, shikamoo. Tuko juu ya ziwa, ndani ya gari, tunakwenda kuvua."

"Marahaba. Mna ngalawa?"

"Hatuna. Tunatoboa tundu."

Kikapita kimya kirefu, kisha akaniuliza kama bado nasali.

Nilikuwa nasali, na Ramadhani ya 2023 ilipoingia, mwishoni mwa Machi, nyumba nzima iliingia nami. Mama mwenyeji aliamka kunipikia chapati za maji usiku wa daku na kukaa kunitazama nikila, nywele zimesimama. Nikawasihi mchana wale kama kawaida, mimi sioni vibaya. Wakaitikia. Alasiri moja nikaenda gereji kuchukua baiskeli, nikamkuta baba mwenyeji amejifungia garini, vioo juu, anatafuna mkate wenye jibini kwa macho ya mwizi.

Nyama ya halali tuliifuata St. Cloud, ambako Wasomali ni wengi na wana maduka yao. Mwenye duka, mama mmoja aliyekulia Eastleigh, Nairobi, aliposikia nimesema "asalamu aleikumu" yangu ya Kitanga alikunja uso.

"Kijana, wewe ni wa Tanzania? Mbona umekonda hivi, huyu mzungu hakupi chakula?"

Nikamwambia ananipa, ila tunaoneana haya. Akatufungia sambusa za futari, za bure. Mama mwenyeji akasema hapana, lazima alipe. Mwenye duka akasema hapana, huyu ni mtoto wetu. Mama mwenyeji akasema ni mtoto wake pia. Foleni nyuma yetu ikafika mlangoni. Mwishowe mama mwenyeji akajifanya amekubali, akaficha dola kumi chini ya boksi la tende, tukatoka mbio. Hatujafunga mkanda, mwenye duka huyo anakuja kati ya magari, buibui linapepea, dola kumi mkono mmoja na mfuko mwingine wa sambusa mkono wa pili.

Siku ya Idi mama alipiga kutoka Tanga akaomba kuzungumza na mwenzake. Mimi nikawa mkalimani. Mwambie Mungu atamlipa. Mwambie sijafanya kitu. Muulize, unamsumbua? Mwambie kamwe, ila akapimwe kifua. Mwambie namtumia doti ya kanga. Mwambie asijisumbue. Mwambie si usumbufu. Mwambie basi nami nitamtumia blanketi. La nini, na joto la Tanga? Hilo sikulitafsiri. Kisha wakaanza kuagana. Mama akasema tumwache mwenzetu apumzike. Mwenzetu akasema hapana, tumwache yeye, kwao ni usiku. Mama akasema usiku bado mchanga. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaacha kuhesabu na kuvuta kiti. Bando la mama likakata katikati ya asante.

Baada ya dakika chache simu ikaita tena. Alikuwa amekopa salio ili aombe radhi kwa kukata bila kuaga.