Mshale Uliokataa Kutua

Kazi yangu hapa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ni makaratasi ya forodha: tani za shaba, namba za trela, mihuri. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia, "Papa, mwalimu anataka vekta mbili kwa GeoGebra," nilicheka kwa dharau. Mtu anayevusha malori kwenda Zambia ashindwe na mishale miwili?

Programu ni ya bure. Aliianzisha Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwaka 2001. Nikaandika U = (3, 2). Kikatokea kitone. Nikarudia, nikibonyeza kwa nguvu kama anayegonga muhuri uliokauka wino. Kitone kilekile. Binti akaninong'oneza: herufi kubwa ni ya nukta, vekta hutaka herufi ndogo. Nikaandika u, mshale ukachomoka kutoka sifuri kuelekea kulia juu. Nikajifanya nilikuwa namjaribu.

Ya pili ilikuwa mbili na nusu kulia, tatu juu. Nikaandika v = (2,5, 3). Sisi tuliosoma kwa Kifaransa desimali yetu ni mkato. Tani ishirini na nane na nusu ni 28,5, na hakuna aliyewahi kunirudishia karatasi. GeoGebra yenyewe ikahesabu namba tatu. Dirisha jipya likafunguka, lina mhimili wa tatu, na mshale wangu ukapaa hewani.

"Papa, hii si vekta, ni ndege."

Nikaizungusha picha nipate kuulaza. Ukageuka ukanielekea usoni, ukawa kitone tena.

Dereva mmoja Mtanzania, siku yake ya tatu kwenye foleni, alikuwa benchini akisubiri karatasi zake. "Bosi, huo mkato ndio mchawi. Weka nukta, kama sisi." Nikaweka 2.5. Mshale ukatua.

Kwa furaha nikamweleza kwamba vekta ina urefu na mwelekeo. Akatupia jicho lori lake. "Basi hata hilo ni vekta?"

"Ndiyo, papa," binti akamjibu bila huruma. "Halijasogea tangu juzi. Ni vekta sifuri, halina hata mwelekeo."

"Mwelekeo linao! Dar es Salaam!"

Binti alipata 9 kwa 10. Karatasi za dereva zilirudishwa jioni ileile: mkono ukiwa bado umezoea nukta, uzito nilikuwa nimeuandika tani 28.500, na waliousoma, Wafaransa kama mimi kwa hesabu, waliona tani elfu ishirini na nane na mia tano juu ya trela moja. Alilala foleni usiku wa tatu.