Ati Katukaniwa Mzee!

Ndani ya One Piece, manga ambayo Eiichiro Oda anaichora tangu 1997, kuna vita vya Marineford. Haramia Ace yuko jukwaani akingoja kuuawa hadharani. Whitebeard, baba yake wa hiari, anakuja na meli tele kumnusuru. Luffy, ndugu yake wa kiapo, ametoka kuvunja gereza la Impel Down kwa ajili yake. Watu wanakufa kama kumbikumbi, pingu za Ace zinafunguliwa kwa ufunguo wa nta (nta, jamani!), na mzee anaamuru wote wakimbie, yeye atabaki.

Kazi iliyobaki ni mbio tu. Lakini Admirali Akainu anamtusi mzee kidogo, na bwana Ace anasimama. Anageuka. Futa maneno hayo, anasema, huku meli zikimngoja! Dakika chache baadaye, ngumi ya lava iliyolengwa kwa Luffy inapita kwenye mwili wake Ace. Walioshafia njiani, poleni.

Mzee mwenyewe, aliyetukanwa, alikuwa na kazi nyingine: kufa wima, na majeraha 267 ya upanga, 152 ya risasi na 46 ya mizinga, mgongoni hana hata mchubuko.

Na mshindi? Buggy, haramia aliyetumia vita kuhangaikia kupigwa picha na konokono wanaorusha matangazo. Serikali iliyoandaa maonyesho hayo ili kuwatisha maharamia ilikuja kumpa cheo.