Jinsi ya Kuwa Mwanaakiolojia wa Mwera, Pangani, kwa Siku Tano

Siku ya kwanza: nunua sururu. Watafiti wa vyuo vikuu hushinda juani na mwiko wa fundi uashi na brashi, wakikwangua udongo sentimita kwa sentimita. Hao hawana haraka. Wewe una madeni.

Siku ya pili: tafuta mzee. Pangani hukosi mzee ambaye babu yake alimbebea Mjerumani sanduku la mali mwaka 1916.
"Shikamoo babu. Walilifukia wapi?"
"Chini ya mbuyu, mjukuu wangu."
"Mbuyu upi?"
"Ulishaanguka."
Usimuulize kwa nini yeye hajachimba. Ni utovu wa adabu.

Siku ya tatu: chimba usiku. Mchana utaulizwa kibali cha Mambo ya Kale, maana sheria ya 1964 haimruhusu mtu kufukua kienyeji. Usiku utahojiwa na mbu tu.

Siku ya nne: tupa takataka. Shimoni vitatoka vigae vya vyungu, pengine vyenye pembetatu zilizochanjwa shingoni. Virushe kichakani. Mwanaakiolojia Profesa Felix Chami ameandika kuhusu vyungu vya namna hiyo kwa miaka mingi, kwa kuwa vina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Sheria nayo inavilinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Mjerumani alikuja kututawala miaka zaidi ya 20 baadaye. Kwa hiyo sanduku lake, hata likionekana, bado ni bichi. Mali ni ile uliyoirusha kichakani.

Siku ya tano: piga hesabu. Shimo moja, mgongo mmoja, homa moja.

Ukishindwa yote hayo, jitolee. Nenda kwanza Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, ukayaone magofu ya msikiti na makaburi yake, urudi mikono mitupu. Watafiti wakija kwenu, omba kazi inayokimbiwa: kuchekecha udongo, kuosha vigae kwa mswaki wa meno, kuandika lebo. Shimo gani, tabaka gani, tarehe gani. Kigae chenye lebo kinaeleza nani alipika hapa na lini. Kisicho nayo ni kokoto.

Na ukikiona kimoja shambani kesho, kiache palepale, ukamwambie mwenyekiti wa kijiji. Sururu irudishe kwenye mihogo.